Maotea ya Kwapani

3 Februari

Dada,

Kwa masikitiko makubwa, ukoo unatangaziwa kifo cha masharubu yangu, kilichotokea jana saa mbili na robo asubuhi katika kiti cha kinyozi wa kituo. Marehemu walikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Hawakuugua, wembe uliwakuta wakiwa wazima, na hawakusema neno. Wameacha pua moja, mdomo mmoja ambao sasa unaonekana mkubwa kuliko ilivyodhaniwa, na dada mmoja ambaye siku zote alikuwa akiwaita ufagio. Rambirambi zitumwe kwa posta.

Sababu ya kifo ni kanuni ya hapa: hakuna unywele unaoruhusiwa kudondoka kwenye udongo wa Mgeni. Mgeni ni nani nitakueleza, lakini kwanza shikamoo, maana nimeanza na msiba nikasahau adabu. Goti linasemaje? Shemeji bado anadai amestaafu ushonaji ili ajifunze useremala? Mwambie ubao haupindwi kama suruali.

Mimi mzima. Nimepewa chumba chenye kitanda, meza na dirisha linalotazama ukuta. Ni ukuta mtulivu, hatujagombana. Simu zetu ziliachwa getini. Barua zinaruhusiwa, ila karani wa bahasha huzisoma kwanza, zinazotoka na zinazoingia, kwa hiyo ukiniandikia usisahau kumsalimia. Karani, hujambo? Umekula?

Haya. Unawakumbuka wale watu wa majani, kumi na mmoja, waliotua na chombo chao mwaka juzi, redio zikapiga kelele wiki nzima halafu zikarudi kwenye mpira? Kumi wamekufa. Amebaki mmoja, na anayemtunza ni mimi, mdogo wako niliyeshindwa kufuga kuku. Maprofesa wamehangaika naye mwaka mzima. Halafu mkuu wa kituo, ambaye aliwahi kununua kwangu mlimau niliouunga kwa kikonyo cha mchungwa, akasema, "Nileteeni yule mzee wa miche." Mzee! Nina miaka hamsini na miwili. Nikamwachia jirani kitalu, nikapanda gari lao.

Sasa Mgeni mwenyewe. Usifikirie mti unaotembea, wala mtu aliyejivika majani. Ukimwona kwa nyuma utadhani ni mtu mrefu aliyesimama akiwaza. Ana miguu miwili, mikono miwili, shingo, kichwa. Ngozi ni ya kijani na laini kama ganda la ndani la mgomba, na ukimwekea sikio kifuani husikii moyo. Unasikia mchirizi, utomvu unapanda. Mdomo hana. Chakula anajipikia mwenyewe ngozini kwa mwanga wa jua, kama jani lolote, ndiyo maana siku ya mawingu anatembea kama mtu aliyelala njaa. Anapumua kwa viganja: ukikaza macho unaviona vitundu vikifunguka asubuhi na kufumba jua linapochoma. Akitaka kunywa anakaa kwenye kitanda cha udongo, nyayo zinaota vinyweleo vyeupe vinavyozama ardhini, na ole wako umnyanyue kabla hajavirudisha ndani.

Wanaongea kwa harufu. Wataalamu wamebandika ukutani orodha ya harufu kumi na nne: udongo uliolowa ni "niko sawa", ganda la limau ni "ondoka". Mimi pua yangu iliuawa zamani na dawa za kupulizia, kwa hiyo nusu ya mazungumzo inanipita, kama ilivyokuwa shuleni.

Wale kumi hawakufa kwa njaa wala baridi. Walikauka mmoja mmoja, kuanzia vidoleni. Na jambo ambalo hakuna anayelijua, pamoja na darubini zote hizi, ni namna wanavyozaana. Hawana ua, hawana mbegu, hawana sehemu yoyote ambayo wewe mkunga ungeifahamu. Akifa huyu kabla hatujajua, basi, hakuna mwingine mahali popote tunapopajua. Ndiyo kazi niliyopewa, Dada, kwa neno moja: asife.

Niombee.

Mdogo wako, uso mtupu


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Rambirambi zetu pokea. Shemeji yako alipoisoma barua alisimama dakika nzima kwa heshima ya marehemu, halafu akakaa kwenye kigoda alichokitengeneza mwenyewe, kikamlaza chali. Hicho ni cha tatu. Nyumba hii sasa ina vigoda vitatu na hakuna pa kukaa.

Goti liko palepale, linatabiri mvua kuliko redio. Nimestaafu kwa karatasi tu. Juzi nimeitwa katikati ya kufua, mikono ina povu, nikaenda kumzalisha binti wa fundi saa. Mtoto wa kike, kilo tatu, sauti kama honi ya lori. Mama mzima.

Karani, nakusalimu. Kama mkeo ni mjamzito uniandikie, sitamwambia mkuu wako.

Sasa wewe. Habari za Mgeni wako nimezisoma mara mbili. Umenieleza ngozi, viganja na nyayo kama dalali anayeuza gari. Hali yake hujanieleza. Miaka thelathini na moja nimepokea watoto, na mwili wowote, hata uwe wa majani, una namna ya kusema unachokifanya. Niangalizie haya. Anachagua chakula kuliko zamani? Amehama mahali alipopenda kukaa? Kuna sehemu anaificha? Anakonda wapi, ananenepa wapi? Na wale wenzake kumi walikuwa katika hali gani kabla hawajakauka?

Usinijibu kwa utani. Utani wako naujua tangu ukiwa na miaka sita. Ni mlango unaoufunga ukiwa umevunja kitu ndani.

Dada yako


12 Machi

Dada, Mkunga Mkuu,

Taarifa ya kigoda cha tatu imepokelewa kwa huzuni. Namshauri shemeji aanze na kitu kisichokaliwa, kwa mfano rafu, au ukimya.

Karani anakushukuru. Mke hana. Amesema, "Mwambie nikipata nitamtafuta."

Maswali yako yamenifanya nitazame upya, na sikupendi kwa hilo. Ndiyo, anachagua: zamani alikunywa maji yoyote, sasa anagusa tu yale tuliyochanganya na unga wa mifupa. Ndiyo, amehama: ameacha kitanda cha katikati penye jua tele, amejibanza pembeni karibu na bomba. Miguu imepauka, mapaja yamepungua, na vidole vya miguuni vimeanza kukauka. Hapo ndipo mkuu wa kituo alipojishika kichwa, kwa sababu wale kumi walianza hivihivi. Hao kumi nimeuliza habari zao. Kila mmoja alifungiwa chumba chake, sakafu ya saruji, udongo kwa saa maalumu, na kila wiki walikatwa vipande vya ngozi kwa uchunguzi. Huyu ndiye wa kwanza kuachwa kwenye udongo mwaka mzima bila kukatwa.

Na lile utakalolipenda: anaficha. Anatembea amebana mikono mbavuni kama mtu aliyebeba magazeti kwapani. Juzi alipolala niliona. Ni maotea, Dada. Matatu kwapa la kushoto, mawili la kulia, makubwa kama punje za maharage, kijani changa. Unajua kitaluni machipukizi yanayochomoza kwapani mwa majani tunayaita maotea, na kazi yake ni kunyonya tu. Nyanya iliyoachiwa maotea haikupi kitu. Inarefuka na kujifanya msitu.

Mkutano ukaitishwa. Meza ndefu, mimi mwisho kabisa karibu na birika. Mkuu anasema ni uvimbe, ni ugonjwa. Daktari wa mimea, mama mmoja mtaratibu sana, anasema tusubiri. Wakavutana. Halafu mkuu akanigeukia, "Mzee wa miche, wewe unasemaje?"

Dada, maisha yangu yote watu wenye miwani wameniuliza kama mche una mizizi mizuri. Siku ile waliniuliza ninafikiri nini, na kila mmoja alikuwa ameshika kalamu.

Nikasema mtu yeyote aliyewahi kulima nyanya anajua la kufanya. Wakaandika. Bado hakijaamuliwa kitu. Wewe unaonaje?

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Shemeji mzima, goti lipo, sote wazima. Salamu zimeishia hapo.

Usiguse.

Anachagua chakula. Amehama kutafuta pembe. Anaficha. Anakonda miguuni ili kitu kinenepe kwapani. Hayo niliyaona kwa wanawake kabla hujafungua kitalu, na hakuna nyanya yoyote inayofanya hivyo. Huyo ni mzazi. Kule kukauka vidole si ugonjwa, ni mwili unaotoa akiba. Wenzake walianza kutoa akiba wakiwa kwenye saruji, wamejaa majeraha, na hawakuwa na cha kutosha kufikia hapa alipofika yeye.

Mgomba haushindwi na mkunguwe, wamesema wenyewe. Lakini mimi na wewe tumepanda migomba nyuma ya nyumba ya mama, tunajua na lile lisilosemwa: mgomba ukishazaa hufa, na hakuna anayeulilia, maana mwana yupo pembeni. Huenda na hawa ndivyo walivyo. Huenda yeye hawezi kuokolewa na wala hajaomba kuokolewa. Umepewa neno "asife" ukaling'ang'ania. Huenda kazi ni nyingine kabisa: wale watano wasife.

Mpe barua hii yule daktari mtaratibu. Au isome kwa sauti kwenye hiyo meza ndefu. Wakicheka, wacheke; mimi nimechekwa na madaktari wakubwa kuliko hao. Ila usiguse hata kimoja.

Karani, baba, hii usiikalie. Mpe siku ileile.

Dada yako


6 Mei

Dada,

Ukoo unatangaziwa tena, safari hii kwa furaha: nimepandishwa cheo. Mimi si Mhudumu wa Mgeni tena, ni Mshauri wa Ukuzaji. Koti jipya lina mifuko minne, na tayari nimeshapoteza vitu vitatu humo humo ndani.

Unisamehe kuchelewa. Barua yako ya Machi nimeipata juzi tu. Karani ana mrundo wa bahasha unaomfika kidevuni. Sitaki kumsema vibaya, maana anasoma, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo ilipofika ilishapitwa na mambo.

Mgeni hajambo. Kusema kweli hajawahi kuwa kijani hivi. Amerudi kitanda cha katikati, vidole vimeacha kukauka, ngozi inang'aa kama jani lililopanguswa kwa kitambaa. Watu wa kamera wamekuja. Mkuu alisema mbele yao kwamba elimu ya kitaluni imefanya ambacho darubini zilishindwa. Nikatazama chini kwa unyenyekevu. Kwenye picha unyenyekevu wangu umeonekana kama maumivu ya tumbo.

Yale maotea yaliisha. Yaani hayapo tena, usijisumbue nayo.

Hapa joto limezidi, paa la vioo limepakwa chokaa lote. Shemeji amefikia kigoda cha ngapi? Yule mtoto mwenye honi anaendeleaje? Mbona barua yako haikuwa na habari za nyumbani?

Mdogo wako, Mshauri


17 Mei

Mdogo wangu,

Hongera ya cheo. Mtoto wa binti wa fundi saa ameanza kucheka, anaicheka taa. Shemeji ameanza kigoda cha tano. Sitaki kuzungumzia cha nne.

Yaliisha.

Nimelikalia neno hilo siku mbili. Mvua huisha. Sukari huisha. Kilicho mwilini mwa mtu hakiishi. Hutoka chenyewe au hutolewa.

Nikwambie kitu ambacho hukijui, Mshauri. Mwanamke aliyeharibikiwa mimba, kuna wengine hurudi rangi upesi. Mashavu yanajaa, ngozi inang'aa, majirani wanamsifu barabarani: umenawiri, mashallah. Mimi nilikuwa simtazami mashavu. Nilikuwa namtazama mikono, akidhani hakuna anayemwona.

Basi nijibu moja tu. Mgeni wako anafanya nini kwa mikono yake?

Dada yako


28 Juni

Dada,

Shikamoo. Salamu zimefika. Mvua imenyesha hapa, chokaa ya paani imetiririka yote, tumepaka upya.

Anajipapasa. Ndilo jibu. Mkono wa kulia unaingia kwapa la kushoto, unakaa, unatoka. Halafu wa kushoto unaingia la kulia. Polepole, kutwa nzima, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti ambalo si lake. Alianza mwezi wa Mei, kabla barua yako haijafika.

Kijani kimezidi sana. Kimekuwa kizito, karibu cheusi, na ngozi inapasuka mgongoni, utomvu unatoka pasipo kidonda. Tumebadilisha udongo, tumebadilisha maji, tumebadilisha taa. Mkuu ananiuliza, "Mshauri, tufanyeje?" Namwambia tusubiri. Daktari wa mimea haniulizi kitu siku hizi. Ananitazama tu, kisha anaandika.

Anatoa harufu ambayo haimo kwenye orodha. Hata pua yangu inaisikia. Hakuna aliyeweza kusema maana yake, na mahali pake ukutani wameacha mstari mtupu.

Naomba usiniulize tena. Niandikie habari za vigoda.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Habari za vigoda: vimekwisha. Shemeji yako alikaa juu ya cha tano asubuhi nzima, kikamshikilia, akatoka nje kuniita nije nione, na tuliporudi kilikuwa kimelala ubavu chenyewe. Amerudi kwenye sindano. Amenishonea gauni, limekaa vizuri.

Sikuulizi. Nakusimulia.

Mwaka wangu wa saba kazini alikuja mwanamke wa mimba ya kwanza, amekuja kwa miguu. Nilikuwa nimesimama tangu jana yake, viatu vimenikata. Nikamgusa tumbo juu ya nguo. Sikumlaza hata kitandani. Nikamwambia, "Bado wewe, nenda nyumbani, uje kesho." Alijifungulia kwenye ngazi za duka lililofungwa, peke yake, na mtoto hakupata hewa. Kwenye daftari la wodi niliandika: mama alichelewa kufika.

Hakuchelewa. Alifika mapema, mimi ndiye niliyemrudisha.

Nimekaa na sentensi ile miaka ishirini na minne. Shemeji yako hajui. Sasa unajua wewe, na karani.

Sikuandikii haya ili ujisikie nafuu. Nafuu haipo, nimeitafuta. Nakuandikia kwa sababu mwanamke yule, kama bado anaishi, mpaka leo anaamini ni yeye aliyechelewa. Daftari halikumdhuru mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye.

Andika ukiweza. Usipoweza, niandikie tu kwamba umekula.

Dada yako


11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimekula. Nimerudi kitaluni, jirani amenitunzia miche vizuri kuliko nilivyokuwa naitunza mimi, na anahakikisha wateja wote wanajua. Chumba changu kilivuja, godoro niko nalo juani. Gauni la shemeji nitaliona nikija, kama utataka nije baada ya kusoma haya.

Mgeni alikufa tarehe 19 Julai, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Hakukauka kama wenzake. Alijaa mpaka akapasuka. Daktari wa mimea ndiye aliyempasua, na aliniita nisimame karibu yake nione. Ilieleweka hata kwa mtu kama mimi. Mirija yote ya mwili, kuanzia nyayo hadi utosini, ilikuwa imegeuzwa njia, imeelekezwa makwapani. Kila alichojipikia tangu Februari kilipelekwa kule. Kilipokosa wa kukipokea kilirudi nyuma, kikasambaa ngozini. Kile kijani tulichokipiga picha kilikuwa ni hicho. Ni maziwa ya mama asiye na mtoto. Na chini ya kila kovu, makovu matano, palikuwa na uzi mweupe uliounganishwa na uti wake mpaka kichwani. Daktari anadhani hata yale aliyoyajua yalikuwa yanapita humo, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwana, ndiyo maana mzazi hana haja ya kubaki. Anadhani. Hakuna tena wa kumthibitishia. Ulikuwa sahihi kwa kila neno, na sasa hakuna mwingine popote.

Ripoti imeandika: kifo kwa ugonjwa usiojulikana. Nilikwenda kwa mkuu kumweleza ugonjwa huo ni nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika kalamu yake, akasema, "Mshauri, umechoka. Kapumzike." Kwa hiyo nakueleza wewe.

Tarehe 19 Machi niliondoa yale matatu ya kushoto. Mkuu aliruhusu, daktari alikataa, mimi nikakonyoa kwa vidole, kama nyanya. Hapo nilikuwa sijui. Mgeni alitoa harufu ya ganda la limau, akabana mkono wa kulia, na kwa siku kumi na moja hakuniruhusu nimsogelee.

Barua yako iliingia tarehe 30 Machi. Siyo Mei. Karani alinipa mkononi dakika ileile. Alikuja nayo mbio, anahema. Niliisoma nimesimama kwenye kijia kati ya bohari na nyumba ya vioo. Niliisoma yote na niliielewa yote. Sikuwa na shaka hata kidogo, kwa sababu nilipoinua macho nilimwona kupitia kioo, kwenye pembe yake, amejikunja juu ya yale mawili yaliyobaki.

Sasa nisikilize nilichofikiri, maana hili ndilo nililokuwa nalikimbia. Nilifikiri: kama Dada yuko sahihi, basi nimeshatupa watoto watatu kwenye ndoo ya takataka, na itabidi niingie kwenye chumba chenye ile meza niseme hivyo, na wataandika. Lakini yote matano yakiondoka, na Mgeni akarudi rangi, basi aliyekosea ni Dada, na mimi ndiye niliyejua. Nilitaka ukosee. Umekuwa sahihi juu yangu maisha yangu yote, na nilitaka mara moja tu isiwe hivyo. Mawili yale yangeweza kuishi. Sikuyaondoa kwa kutojua. Niliyaondoa kwa sababu nilijua.

Karani nilimwomba radhi siku naondoka, kwa kumsingizia. Alikuwa amesoma barua zetu zote. Alijua siku aliyonipa ile, na alijua nilichokuandikia Mei. Nikamuuliza, "Mbona hukusema?" Akasema, "Mzee, kazi yangu ni kusoma. Nilidhani na yako ni kutunza."

Asubuhi ya tarehe 31 alikuwa bado amebana mkono. Sikumlazimisha, nilikuwa mjanja kuliko hivyo. Nilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa kitalu analijua: mwili wa majani hufuata mwanga, mwenyewe atake asitake. Nilitandaza turubai juu ya vioo vya upande wake, nikamwacha gizani mpaka saa nne. Halafu nikafunua sehemu moja tu, juu kulia. Jua likaingia, na mkono ukainuka. Hakuuinua yeye. Nililiona bega likivuta chini kwa nguvu zake zote, na mkono unapanda. Kwapa likawa wazi.

La kwanza lilikuwa kama punje, lilitoka upesi. La pili lilikuwa limeshafunguka nchani. Ndani mlikuwa na vidole, vinne, vyembamba kama nyuzi, na vilinishika kidole gumba.

Nilivibandua kimoja kimoja. Nikaweka ndoo kifuniko. Kwenye daftari la zamu nikaandika: maotea yameondolewa, hali ni shwari. Halafu nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai na wenzangu, nikainywa yote, na walipoleta birika nikaongeza.

Mdogo wako